Kanga, pama, mafuta ya nazi au shubiri: kipi kikinge kichwa chako kaskazi hii?

Msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ukiingia saluni kulalamika kwamba nywele zimepauka na utosi unawaka, utatoka na kopo la mafuta. Ukienda Paje au Jambiani ukamuuliza mama anayelima mwani anajikinga vipi, atakuonyesha kanga aliyojifunga kichwani. Msusi anafikiria nywele, mama wa mwani anafikiria ngozi. Anayetaka kuchagua vizuri inabidi avitenganishe hivyo viwili kwanza, maana kinachofaa kimoja mara nyingi hakimsaidii mwenzake.

Unywele ukishatoka kichwani hauna uhai. Ni uzi wa protini iitwayo keratini, na rangi yake ni melanini. Mionzi ya jua ya urujuanimno hufika kwa aina mbili zinazotuhusu hapa: UVB hula zaidi protini, UVA hufifisha zaidi rangi. Ndiyo maana watoto wanaoshinda baharini huwa na ncha nyekundu, kavu, zinazokatika ukizipitisha kitana. Unywele ulioharibika haujitibu. Unaupaka kitu uonekane laini, au unaukata.

Ngozi ya kichwa iko hai, kwa hiyo inaungua, inavimba, inabambuka, na ikiungua mara nyingi kwa miaka inaweza kuota mambo mabaya zaidi. Ngozi nyeusi ina kinga yake lakini kinga hiyo si ukuta. Halafu mstari mpya uliochanwa juzi kwa msusi ni ngozi iliyokuwa imefichwa na nywele miezi mingi, haijazoea jua hata kidogo. Watu wengi hurudi kutoka ufukweni, siku chache baadaye wanaona magamba, wanasema ni mba. Angalia yametoka wapi. Kama yamefuata mstari wa msuko, na pale pale palikuwa panauma ukigusa, hilo ni jua. Mba huwasha, hurudi wiki baada ya wiki, na haichagui mstari.

Jambo moja zaidi kabla ya kulinganisha. Joto na urujuanimno si kitu kimoja. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri husimama utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba. Kipimo cha UV, yaani cha urujuanimno, ambacho programu nyingi za hali ya hewa za simu hukionyesha, huweza kufika 11 na kupita, na Shirika la Afya Duniani linashauri watu waanze kujikinga kikiwa 3 tu. Upepo wa baharini unakupoza, mawingu mepesi yanakudanganya, mionzi inaendelea kushuka. Saa za kuogopa ni saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Kama huna simu, tazama kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, jua hilo si la kusimama nalo kichwa wazi.

Kitambaa na kofia

Nianze na mshindi. Kwa ngozi ya kichwa, kitambaa kinayashinda mafuta yote yaliyowahi kukamuliwa. Ila vitambaa navyo vimepishana, na tofauti iko kwenye ufumaji, rangi na unyevu.

Kitenge kwa kawaida ni kizito kuliko kanga, na rangi yake imezama pande zote mbili, kwa hiyo kinazuia zaidi. Kanga ni pamba nyepesi. Yenye mji mweupe, yaani ile sehemu ya katikati, hupitisha mwanga mwingi kuliko yenye mji mwekundu au mweusi, na iliyochakaa hupitisha kuliko mpya. Kipimo chake ni rahisi: inyanyue dirishani, weka mkono nyuma yake. Ukiona vidole vyako, jua nalo litauona utosi wako. Dawa si kuitupa. Ikunje mara mbili au tatu kabla ya kujifunga, na juu ya utosi ziwe tabaka nyingi kuliko kisogoni.

Hapo kwenye unyevu ndipo wakulima wa mwani wanapostahili kusikilizwa. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 na wanaokifanya wengi wao ni wanawake. Kazi yenyewe inafuata bamvua: maji yakitoka sana ndipo kamba zinafikika, na katika pwani hii maji makavu ya bamvua huangukia karibu saa nne au saa tano asubuhi. Yaani wanainama majini saa zile zile ambazo mtu mwingine angeshauriwa akae ndani. Pamba ya rangi nyepesi ikilowa hupitisha mionzi zaidi kuliko ikiwa kavu, na baharini lazima ilowe. Tabaka moja jembamba la kanga halitoshi kwa kazi hiyo. Ndiyo sababu utawaona wengine wamejifunga kanga, kisha juu yake wameweka kofia pana.

Namna ya kufunga nayo ina maana yake. Kilemba kinakaa vizuri na hakikusumbui ukiwa na kazi, lakini masikio na shingo vinabaki nje. Ushungi unafunika vyote, ila upepo wa kaskazi ukija utashika ushungi badala ya kushika kazi. Anayevaa mtandio kila siku ana kinga tayari, mradi usiwe ule wa shifoni unaoonyesha nywele. Na kuna kasoro moja ambayo wapenzi wa vilemba hawapendi kuisikia: pamba kavu inayosugua na kubana huvunja nywele za mbele. Weka kipande cha satini chini, usikaze kwenye paji la uso.

Kofia ya pama inaizidi kanga kwa kitu kimoja kikubwa, nacho ni ukingo. Ukingo wenye upana wa vidole vinne kuzunguka pande zote hukinga utosi, masikio, pua na shingo kwa pamoja, na hewa inapita. Kofia za ukili ni nyepesi na zinapendeza, lakini kagua ufumaji kabla ya kulipa. Ivae juani, mwambie mtu akutazame usoni. Akiona vidoadoa vya mwanga, hiyo ni chekeche.

Kapelo ni nusu kinga. Inafunika utosi na macho, inaacha masikio na kisogo, na zile za wavu nyuma zinaacha hata huo utosi. Kofia ya vitobo iliyodariziwa, ya kuvalia kanzu, inamfaa mwenye upara kwa kufunika juu, lakini ikishaishia pale juu ya masikio kazi yake imekwisha. Ndugu zetu wa Muscat wana jibu zuri zaidi hapo. Mji wao uko karibu na Tropiki ya Kansa, kwa hiyo jua lao la Juni ni la utosini kama letu la Machi, na juu ya kofia yao iitwayo kumma, jamaa wa karibu wa kofia yetu ya vitobo, huzungusha kitambaa cha masari. Tabaka mbili, na masikio huweza kufunikwa.

Mwavuli unafaa mjini, kituoni, kwenye foleni. Ufukweni usiutegemee peke yake: mchanga mkavu hurudisha juu takriban asilimia 15 ya mionzi ya urujuanimno, na povu la bahari karibu asilimia 25.

Mafuta: nazi, shea, na yale ya kusifiwa mitandaoni

Sasa turudi kwa msusi, maana kwenye nywele zenyewe ana hoja.

Mafuta ya nazi ndiyo ninayoyachagua kwa unywele, na sababu si mazoea tu. Asidi ya lauriki iliyomo ndani yake ina molekuli ndogo na nyofu inayoweza kupenya ndani ya unywele. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliyalinganisha na mafuta ya alizeti na mafuta ya madini, na ni ya nazi peke yake yaliyopunguza upotevu wa protini, kwa nywele nzima na zilizokwisha kuharibika pia. Watafiti wale walikuwa wa Marico ya Mumbai, kampuni ambayo biashara yake kubwa ni mafuta ya nazi, kwa hiyo mtu ana haki ya kuinua nyusi kidogo. Hata hivyo kwamba yanapenya ni jambo linaloeleweka kikemia, na mabibi wa pwani hawakuhitaji maabara.

Lakini kupunguza upotevu wa protini si kuzuia jua. Kuna vipimo vya maabara vya mwaka 2010 vilivyoyapa mafuta ya nazi SPF, yaani kiwango cha kukinga jua, ya karibu 7, na namba hiyo imezunguka mitandaoni mpaka imekuwa kama aya. Ilipimwa kwa mashine, kwenye mmumunyo, si kwenye kichwa kinachotoka jasho ndani ya daladala. Na hata ingekuwa 7 kweli, bado iko mbali na 30 inayopendekezwa kwa ngozi. Yapake kwa ajili ya nywele. Usiyahesabie ngozi.

Matumizi yanayofaa kwa anayekwenda kuogelea ni haya. Lowesha nywele kwa maji baridi ya bomba kwanza, kisha pitisha mafuta kidogo kuanzia katikati ya unywele kuteremka nchani. Unywele ulioshiba maji matamu na kufungwa na mafuta hunywa maji ya chumvi kidogo. Ukitoka, suuza mara moja, usisubiri chumvi ikaukie kichwani.

Ukiyatengeneza nyumbani, usiwe na haraka mwishoni. Nazi imekunwa kwenye mbuzi, tui zito limekamuliwa, limechemshwa kwa moto mdogo mpaka mafuta yakaelea na mashapo yakawa ya kahawia: hapo wengi huepua na kumimina chupani. Chuja kwa kitambaa safi, subiri yatulie, chuja tena. Unyevu ukibaki na mashapo yakabaki, yatachacha ndani ya muda mfupi, na mafuta yaliyochacha yananuka hata mtu aliyekaa kiti cha nyuma ajue. Aliyeko Arusha au Nairobi akiyakuta yameganda mwezi wa Julai asiyatupe. Chini ya nyuzi 24 hivi ndivyo yalivyo.

Siagi ya shea ni habari nyingine. Ile ya Afrika Mashariki inatoka kaskazini mwa Uganda, kwa Waacholi, Walango na West Nile, kwenye mti wa jamii ya nilotica, na ni laini kuliko ya Afrika Magharibi kwa kuwa ina asidi ya oleiki nyingi zaidi. Ina viambata vinavyonyonya UVB kidogo. Sisitizo liko kwenye kidogo. Haipenyi kama nazi. Inakaa juu na kufunga. Kwa nywele nene za kipilipili zenye ncha kavu, inashinda nazi kwa kudumu, hasa ukiipaka juu ya nywele zenye unyevu. Kwa nywele nyembamba au za singa inazilaza kichwani kama zimenyeshewa. Ukipaka zote mbili, nazi ianze, shea ifunge.

Mafuta ya nyonyo ni mazito mno kwa msimu huu. Mpanda bodaboda akiyapaka asubuhi, jioni anarudi na vumbi la barabara nzima. Yaache kwa usiku. Mafuta ya karoti, ambayo mitandaoni husemwa yana SPF ya 38 au 40, yasikushawishi. Yanayouzwa kwa jina hilo mara nyingi ni karoti zilizolowekwa kwenye mafuta mengine, na rangi ya chungwa haizuii mionzi.

Wapo wanaoogopa kwamba mafuta juani yanakaanga kichwa. Hapana. Kichwa chako hakifiki popote karibu na joto la kikaango. Tatizo la kweli ni jingine: mafuta mengi juu ya ngozi yenye jasho hulisha kuvu wa Malassezia, yule yule anayehusika na mba. Mwenye mba sugu apake nywele tu, aache ngozi, na kinga yake kuu iwe kitambaa.

Kusuka

Msuko huonwa kama kinga, na kwa nywele ni kweli: ncha zimefichwa, upepo hauzivurugi, chumvi haizisokoti. Kwa ngozi hesabu inageuka. Uzi ndio mfano mzuri. Kila fungu la nywele limezungushiwa uzi mweusi kuanzia shinani hadi nchani, hakuna msuko unaoficha unywele kiasi hicho. Papo hapo hakuna msuko unaoacha viwanja vikubwa vya ngozi kama huo. Twende kilioni inaacha mistari mirefu iliyonyooka, na jua la mchana linaipata yote. Rasta ndogo zilizoachiwa ziteremke hufunika mistari yake kiasi, hasa ukibadilisha upande wa kuzilaza.

Kama safari ya Nungwi au Diani iko karibu, mwambie msusi akutolee mistari ya kupinda badala ya iliyonyooka, na uende kusukwa siku kadhaa kabla, siyo jioni ya kuamkia safari. Ngozi iliyovutwa jana tayari ina hasira. Kisha funga kitambaa juu ya msuko hata kama umetumia saa sita kukaa chini usukwe na roho inauma kuuficha.

Shubiri, hina na ndimu

Shubiri haizuii jua. Ni ya baada. Ute wake unapoza na kulainisha ngozi iliyoungua, na kwa hilo naipenda kuliko mafuta yoyote, kwa sababu mafuta kwenye ngozi inayowaka yanabakiza joto. Kata jani, lisimamishe kwenye bakuli dakika kumi au zaidi utomvu wa manjano uchuruzike, osha, ndipo umenye na kuchukua ute mweupe. Huo utomvu wa manjano unawasha, na wengi wanaosema shubiri haiwapendi hawakuuacha utoke. Jaribu kwanza kwenye mkono.

Hina inatia rangi kwa kuungana na keratini, na rangi hiyo hunyonya sehemu ya mionzi kabla haijauharibu unywele. Ila inakausha, kwa hiyo ukiipaka msimu huu ongeza mafuta siku zinazofuata. Piko usiitie kichwani kabisa kwa jina la asili. Weusi wake mara nyingi ni wa kemikali ya kutia rangi nywele, na imeshaunguza watu ngozi pasipo jua.

Ndimu nitaisemea zaidi, kwa sababu ndiyo hatari inayopendwa. Watu huisugua kichwani kuondoa mba, kisha wanatoka nje. Maji ya ndimu na limau yana kemikali ziitwazo furanokumarini, ambazo zikikutana na urujuanimno juu ya ngozi huunguza kwelikweli: wekundu, malengelenge, halafu alama nyeusi zinazokaa wiki au miezi. Mtu hudhani ni mzio au ni uchawi wa jirani. Ukitaka kuitumia, iwe usiku, na uoshe kichwa kwa sabuni kabla ya kulala.

Wewe ni nani?

Machinga, mama lishe wa kando ya barabara, fundi wa juu ya paa: pama juu ya kitambaa, mafuta ni hiari. Mwenye upara au aliyenyoa kwa wembe: kofia, na losheni ya jua ya SPF 30 masikioni na kisogoni, kwa kuwa hapo tiba za asili hazina jibu zuri. Mwogeleaji: nazi kabla, kitambaa akitoka majini, shubiri ikibidi. Mwanafunzi anayerudi shule saa saba mchana akiwa na kipara cha lazima: kofia, na shule zinazokataza kofia uwanjani zingefanya vyema kufikiria upya.

Mtu mwenye ualbino asichague kati ya hivi. Avitumie vyote vya kufunika, na losheni ya jua kila siku, kwa sababu ngozi yake haina melanini ya kumsaidia na saratani ya ngozi kwake si tishio la mbali. Moshi, katika hospitali ya KCMC, ndiko ilikoanza kutengenezwa losheni ya Kilisun mahsusi kwa ajili ya watu wenye ualbino, na imekuwa ikigawiwa bure kupitia kliniki. Mafuta ya nazi hayawezi kukaa nafasi hiyo, hata yakipakwa mara kumi kwa siku.

Na kwa wote, utosi wako huwezi kuuona, msusi au kinyozi wako anauona kila mara. Mwombe akuambie akikuta kidonda kisichopona kwa zaidi ya mwezi, uvimbe mpya, au doa linalobadilika rangi au kutoa damu. Akikuambia, usimwombe dawa. Nenda kwa daktari wa ngozi.